Nyasi ya Siku ya Arobaini

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja kutoka chuo kikuu, jina lake Anitha, mwenye miwani na viatu vya matope. Akaniamkia vizuri, akakaa kwenye mkeka wangu hapa Temeke bila kuukagua kwanza kama ni msafi, nami nikampenda hapo hapo. Kazi yake ni nyasi. Nilimwuliza mara mbili, akasema ndiyo Bibi, nyasi tu, si maua wala miti, na mie nikacheka mpaka nikakohoa, maana nilidhani watu wa namna hiyo walishakwisha duniani. Akatoa kwenye mkoba picha kubwa iliyopigwa karatasi moja ya kuhifadhia mimea. Juu ya karatasi ile ilibandikwa nyasi iliyokaushwa, shina lake, majani, kichwa cha maua na mizizi yote, na kwenye pembe ya chini kulikuwa na kikaratasi chenye maandishi ya mashine. "Bibi," akasema, "hapa pana kosa, na nimeambiwa wewe ndiye pekee uliye hai unayeweza kulisahihisha." Nikatafuta miwani yangu ingawa sikuihitaji. Mizizi ile niliitambua kabla hajaniwekea picha mapajani. Niliichimba mwenyewe kwa kisu cha jikoni, katika mwaka ambao sikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti cha mlango.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mjane. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na Mtoni ya wakati ule ilikuwa minazi na mikorosho, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti hapa na pale kando ya njia ya Kilwa. Nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Tatu, ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi, nami nilipewa chumba cha kati, chenye dirisha moja la ubao lililotazama ukuta wa jirani. Humo ndimo nilimokalia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila mafuta, bila wanja, bila udi, kioo kimegeuzwa uso ukutani, na mwanamume yeyote asiye maharimu asinione wala mie nisimwone. Sisemi kwamba ni jambo baya. Kwa anayelia, nyumba iliyofungwa ina rehema yake. Lakini mie nilimaliza kulia mapema, halafu siku zikabaki. Niliamka, nikaswali, nikaletewa uji, nikatazama ukuta wa jirani, nikaletewa bada la muhogo na kisamvu, nikautazama tena ukuta. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza, na mvua ikija dirisha lilifungwa, kwa hiyo hata ukuta niliukosa. Ilifika mahali nikawa naota nyufa zake.

Niliishi kwa masikio. Asubuhi wanawake waliokuja kumsaidia Bi Tatu walitwanga uani na kunisema kwa sauti waliyodhani ni ya chini. "Mwaka na nusu wa ndoa," mmoja alisema, "hata mimba ya kusingizia hakuna." Mwenzake akaitikia, "Basi Mfaume ndo kaisha huyo. Hakuacha hata kifaranga." Mfaume alikuwa mume wangu, na kwa Bi Tatu alikuwa mtoto wa pekee. Nilisikia mchi wa Bi Tatu ukisimama, nikangoja awajibu. Baada ya muda ukaanza tena kupiga, taratibu kuliko mwanzo. Nilimwonea huruma na nilimchukia kwa wakati mmoja, kwa sababu alikuwa ndiye anayefunga dirisha.

Mfaume alikuwa mkusanyaji wa mimea wa Serikali. Watu wa Mtoni walimwita Mfaume Majani, na walimcheka kidogo, mtu mzima mwenye kanzu safi kutumwa porini kuleta majani na ng'ombe hana. Alitembea na Mzungu mmoja mrefu, mwenye shingo nyekundu, ambaye sisi tulimwita Bwana Mimea. Kila alichochuma alikiandika kwenye daftari kwa namba yake, mahali pake na siku yake. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami niliweza kuzisoma kwa sababu tulisomeshwa madrasa moja. Siku moja alirudi na nyasi fupi yenye kitako kilichovimba kama kitunguu, na kitako hicho kimevaa manyoya mekundu. Tulikuwa tunakula wali na mchuzi wa papa. Akaiweka kando ya sinia, Bi Tatu akaisukuma kwa kidole na kusema, "Hii si ndevu za kambale? Imejaa tele bondeni Kizinga. Haifai kusuka, haifai kuezeka, na ng'ombe haili."

"Bwana Mimea kaitafuta kwenye vitabu vyake vyote hakuiona," alisema Mfaume. "Kama kweli haina jina, ataipeleka Ulaya kwenye nyumba yao kubwa ya mimea, waipe la Kilatini. Kasema watatia na jina langu ndani yake."

"Jina inalo. Nishakwambia, ndevu za kambale."

"Hilo letu, mama. Wao wanataka lao."

Nilimwuliza jina la namna hiyo linashikaje, maana nyasi haiitiki ikiitwa. Akaacha kula ili anieleze vizuri, alikuwa hivyo, hakuwahi kunijibu mdomo ukiwa umejaa. Akasema jina lao halikai hewani. Linakaa juu ya karatasi moja. Wanachagua mmea mmoja mzima, wenye mizizi na maua, wanaubandika, wanasema ni huu. Na miaka mia ikipita, mtu akibisha, wanamfungulia karatasi ile ile. Huo aliouleta haukuwa na maua, kwa hiyo ilibidi kungoja mvua. Ijumaa iliyofuata alinichukua nikaone inapoota. Tukapita mashimo ya watu wa matofali, tukavuka kijito pale kinapogawanyika, mpaka kwenye kipande cha mchanga mweusi kisichozidi ukubwa wa uwanja wa nyumba. Nilivua ndala nikatembea juu yake. Siku ile ni kati ya siku chache za ndoa yangu ninazozikumbuka tangu asubuhi hadi jioni.

Mvua zilipokolea alitoka peke yake, akarudi mchana amelowa, na kikapu kimejaa nyasi ile, imetoa maua ya rangi ya zambarau. Alikuwa anatetemeka. Alijilaza, akanisogezea kikapu kwa mguu na kusema, "Zishughulikie, zisioze." Nami nikazishughulikia. Hapa ndipo penye kosa langu, na ni kosa la mtu aliyelelewa na wasusi wa mikeka. Kwetu jani la kutunzwa hukatwa kitako, huchambuliwa yaliyokauka, huoshwa, huanikwa, kisha hufungwa tita moja lililo sawa juu na chini. Ndivyo tulivyofanya ukindu, na sikuwahi kuona jani la thamani likitunzwa vinginevyo, kwa sababu kazi ya kubana mimea ikauke Mfaume aliifanyia ofisini. Nilikaa mlangoni nikisikiliza anavyohema, nikakata mizizi yote kwa kisu, mshazari, mkato safi. Nikazianika juu ya jiko. Mizizi nikaitupa jaani, mbuzi wa jirani akaila. Nilijivunia tita lile. Nilimpelekea alione, akafumbua macho, na mpaka leo sijui kama aliliona. Homa haikumwachia, na siku ya tano tukamzika.

Wiki ya tatu ya eda alikuja Festo, karani wa ofisi ya Mfaume, mtu wa kusini, wa upande wa Masasi, Mkristo, mpole wa sauti. Ofisini hakuna aliyeweza kusoma daftari, na Bwana Mimea alitaka kila kilichokusanywa kiandikiwe kikaratasi chake. Bi Tatu alifikiri siku mbili, kisha akakubali, kwa masharti. Basi kila Jumanne Festo alikaa ukumbini na mashine yake ya chapa juu ya meza ndogo, mie nikakaa chumbani na daftari, pazia la shuka katikati yetu, na Bi Tatu kwenye kigoda ubavuni mwa pazia, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Festo aliuliza, "Shemeji, namba inayofuata?" Nami nilisoma: namba fulani, mti mdogo, ua jeupe, njia ya Pugu, chini ya kilima. Mashine ikalia. Namba fulani, mtambaazi, Mbagala, kwenye shamba lililoachwa. Nikaanza kuingoja Jumanne. Nilikuwa ndani ya kuta nne, lakini kwa saa mbili nilitembea Pugu, Mbagala, Kisiju, kila alikosimama Mfaume na kuinama. Nikifunga daftari, chumba kilirudi kuwa kidogo kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Jumanne ya pili tuliifikia nyasi. Festo akaniomba tita lenyewe, nikalipitisha chini ya pazia. Nilisikia akifungua kamba. Kisha nikasikia akizigeuzageuza.

"Shemeji, mizizi iko wapi?"

"Niliikata."

"Yote?"

"Yote. Na nyasi nikaziosha."

Bi Tatu akadakia, "Kazishughulikia siku nzima, masikini, mumewe yuko kitandani. Hakulala."

"Naona, mama. Kazi safi," alisema Festo, na nilijua kwa alivyolisema hilo kwamba pana msiba mwingine. Akaeleza polepole. Nyasi hii hutambulikana kwa kitako chake chenye manyoya. Bila kitako ni nyasi yoyote, na Bwana Mimea hawezi kuisimamishia jina. Ile ya kwanza ina kitako haina maua, hizi zina maua hazina kitako, na watu wa Ulaya hawakubali kuunganisha vipande viwili. Yeye Mzungu anapanda meli kwenda likizo karibu na mwisho wa mvua, na hajui kama atarudishwa huku. Kitakachokuwa tayari ndicho kitakachokwenda. Alipoondoka nilijilaza chali nikatazama makuti. Wale wa uani walisema Mfaume hakuacha kitu. Kile kimoja alichoacha nilikikata mie, kwa kisu, huku nikijisifu.

Festo hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikwenda mwenyewe bondeni mara mbili, na viatu vyake vya ofisini, akaniletea alichopata juu ya sinia lililopitishwa chini ya pazia. Mara ya kwanza ilikuwa ndago. Mara ya pili ilikuwa nyasi ya kufagilia. "Hii siyo," nilisema, na yeye akahema. "Shemeji, bonde zima ni nyasi." Nikamweleza tena, mashimo ya matofali, kijito kinapogawanyika, mchanga mweusi. Akasema mashimo yamejaa maji yote, na kijito kimegawanyika mara nne. Mahali pale nilipajua kwa nyayo, si kwa maneno, na nyayo zangu zilikuwa zimefungwa.

Nikamwomba Bi Tatu. Nilingoja amalize kunipakulia, nikasema, "Mama, naomba nitoke mara moja. Mchana, na somo yangu, nimejifunika."

"Uende wapi?"

"Bondeni. Nikachimbe ile nyasi ya Mfaume."

Alikaa kitandani pangu, jambo asilolifanya mara nyingi. "Kwenye eda mtu hutoka kwa dharura, mwanangu. Ugonjwa. Moto. Njaa. Nyasi ndiyo dharura?"

"Itakuwa na jina lake."

"Jina lake analijua Mola wake. Wewe ukionekana bondeni na nguo nyeupe, watu hawatasema Mfaume Majani kapewa nyasi Ulaya. Watasema mke wa Mfaume hakuweza kumngojea hata miezi minne. Hilo ndilo jina litakalokaa Mtoni." Hakupandisha sauti. Aliniwekea maji ya kunywa, akatoka, na tangu jioni ile alihamishia mkeka wake mlangoni pangu, akawa anaswali hapo na kulala hapo. Alisema kweli. Kweli yake ilinibana kuliko mlango.

Somo yangu aliitwa Bi Mgeni. Ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, ndiye aliyeniingiza kwa mume, na sasa ndiye aliyekuja kila Ijumaa kunikosha na kunikumbusha ya eda. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye mdomo mchafu tukiwa wawili. Ijumaa moja, ananimwagia maji, nilimweleza yote, na nikategemea anigombeze. Akanisugua mgongo. Halafu akasema, "Arobaini ni Alhamisi ijayo. Nyumba itajaa wanawake, kila mmoja na buibui lake jeusi. Katika nyumba hii wanaangalia nguo nyeupe tu."

"Somo, ni dhambi."

"Mie ndiye niliyekufunda eda hii, najua ukubwa wake. Mchana, kwa haja, bila kujipamba, bila kuongea na mtu. Kama kuna la kujibu, nitalijibu mie, maana ni mie niliyekutuma." Akanigeuza nimtazame. "Lakini usipotee. Ubani wa hitima ukifukizwa, wewe uwe humu."

Alhamisi ile tangu asubuhi uani kulikuwa na masufuria, vitunguu, moshi na vicheko vilivyokatizwa kila mtu alipokumbuka kilichowaleta. Bi Tatu aliondoka mlangoni pangu akasimamie nyama. Bi Mgeni akaingia, akashusha pazia, akanivua nguo nyeupe akaivaa yeye, akajilaza kitandani, uso ukutani, shuka mpaka shingoni. Buibui lake lilinifika kwenye vigimbi vya miguu. Nilitwaa debe tupu, nikaweka ndani yake kisu na kanga, nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wakienda kisimani. Nilimpita Bi Tatu kwa hatua tatu. Alikuwa anaonja mchuzi, akasema bila kuinua kichwa, "Fanyeni haraka na hayo maji." Nikatikisa kichwa kumwitikia na nikavuka kizingiti.

Nitasema ukweli kwa sababu nimezeeka. Nilifurahi. Siku ya arobaini ya mume wangu, mwanamume niliyempenda, nilikuwa natembea kwenye tope naona mbali, na furaha ilinipanda mpaka nikaona haya. Macho yaliniuma kwa mwanga. Kila kitu kilikuwa kirefu kuliko nilivyokiacha, mihogo, matete, magugu ya njiani. Kisimani niliwaacha wenzangu nikashika njia ya matofali. Nilikutana na muuza maji anayemletea Bi Tatu, akaniinamia kichwa, "Shikamoo mama," nikapita kimya mpaka kwenye kijito. Kilikuwa kimegawanyika mara nne, kama Festo alivyosema. Nikavua ndala. Kijito cha kwanza udongo wake ulikuwa wa kunata, siyo. Cha pili kokoto, siyo. Kwenye cha tatu nyayo zikajua kabla yangu. Mchanga ulikuwa ule ule, baridi, na nyasi ilikuwa imesimama na maua yake, mengine yameanza kupukutika. Nikapiga magoti. Nilichimba mbali na shina, kwa kisu na kwa vidole, nikatoa kishina kimoja, kitako chekundu, mizizi haikukatika hata mmoja. Kisha cha pili na cha tatu. Nikavifunga kwenye kanga, nikajaza debe maji ya kijito, nikarudi.

Ubani ulikuwa unafukizwa nilipoingia. Bi Mgeni aliinuka, tukabadilishana nguo kwa kasi ya watu wawili wanaovishana bibi harusi. Nyasi nikaiweka kati ya magazeti ya Kizungu na mbao mbili za fundi wa Keko alizoniachia Festo aliponieleza mimea inavyobanwa, nikasukuma chini ya godoro, nikakaa juu yake. Wanaume walisoma hitima ukumbini. Nilisikia jina la Mfaume likitajwa katika dua, na nilikuwa nimekaa juu ya jina lake jingine. Kisha pilau ikaletwa. Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyeingia na sinia, na birika la kunawia. Nikanyoosha mikono. Akamwaga maji, kisha akaacha kumwaga. Chini ya kucha zangu kumi palikuwa na udongo mweusi.

Nilingoja. Nilikuwa tayari kupigwa, nilikuwa tayari kurudishwa kwetu. Alitua birika, akatoka, akarudi na kipande cha kumbi la nazi na sabuni. Akakaa mbele yangu, akanishika mkono wa kulia, akasugua kucha ya kwanza mpaka ikawa nyeupe, akaenda ya pili. Alisugua zote kumi. Hakunitazama usoni. Mwisho akayamwaga yale maji dirishani, kwenye ukuta wa jirani, akanipakulia pilau, akaniambia nile.

Jumanne Festo alikuja. Kwa siku zote zile nilibadilisha magazeti kila alfajiri na kulala juu ya mbao, na nyasi ilikuwa imekauka vizuri, mizizi imetandazwa. Niliipitisha chini ya pazia. Nilisikia akivuta pumzi. Bi Tatu alikuwa kwenye kigoda chake.

"Shemeji, hii imetoka wapi?"

"Ilikuwa imesahauliwa chini ya kitanda."

Nikasikia gazeti likigeuzwa. Mtu yeyote aliyefanya kazi ile angejua kwamba nyasi iliyokaa zaidi ya mwezi chini ya kitanda haibaki na zambarau ile. Akasema kwa upole, akichagua maneno kwa sababu ya kigoda, "Sawa. Kuna mambo mawili nayahitaji, siku na mkusanyaji. Mkusanyaji ni mambo ya watu. Lakini siku, shemeji, ni siku nyasi ilipotoka ardhini. Maua yenyewe yatasema. Siku ikiwa ya uongo, Ulaya watailinganisha na mvua, watatia shaka, na jina litaanguka. Nipe siku ya kweli."

Katika nyumba ile siku zilihesabiwa kwa mwezi wa angani. Bi Tatu alijua Rajabu na Shaabani, alijua siku ya arobaini ya mwanawe kwa kidole, lakini tarehe za Kizungu kwake zilikuwa kelele za ofisini. Mie nilizijua kwa daftari. Nikamtajia Festo tarehe ya Alhamisi ile, kwa Kizungu. Mashine ilikaa kimya, kisha ikalia.

"Na mkusanyaji?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema, sijui kama ni kwa kiburi au kwa uchovu wa kujificha. Bi Tatu alinitangulia. "Mwanangu," alisema. "Mfaume. Nani mwingine angekwenda kuchimba nyasi?" Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho. Festo akapiga chapa. Mie nikafunga mdomo, na ulikaa umefungwa miaka zaidi ya sitini.

Bwana Mimea alipanda meli na hakurudi. Festo alihamishiwa kwao kusini. Eda iliisha, nikakoshwa, nikavishwa rangi, nikapita ule mlango kwa haki yangu, na nashangaa kwamba sikumbuki chochote cha siku ile. Nilikaa na Bi Tatu miaka sita mpaka nilipomzika, ndipo nikaolewa tena. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliniuliza, "Wale watu wa Ulaya walijibu?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mbali."

Basi nilimwuliza Anitha jambo hilo hilo, kabla ya mambo mengine. Kumbe walijibu. Walijibu zamani, kwenye kitabu ambacho hakuna aliyetuletea. Nikamwambia anisomee jina. Lina maneno mawili. La kwanza lilinishinda na sijali. La pili lilikuwa Mfaume, na i ndogo imeongezwa mwishoni. Akanisomea mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia atulie kidogo.

"Sasa kosa ni hili, Bibi," akaendelea aliponiona nimejifuta. "Kwenye faili kuna barua ya karani inayotoa taarifa ya kifo cha Mfaume. Hiki kikaratasi kinasema siku arobaini baadaye alikuwa bondeni Kizinga anachimba. Wenzangu wanasema karani alikosea tarehe. Nikiirekebisha tu, yamekwisha."

"Tarehe usiiguse," nikasema. "Ni ya kweli."

Akanitazama. Kijana ana akili. Niliona anavyofika mahali penyewe hatua kwa hatua, kisha akainamisha macho kwa adabu na kuniachia niseme mwenyewe. Nikamwuliza, ukibadilisha jina lililoandikwa hapa chini, la mkusanyaji, jina la nyasi lenyewe litaanguka? Akasema haliwezi kuanguka. Likishasimama limesimama, na limesimama juu ya karatasi hii hii, yenye mizizi. Bi Tatu yuko kaburini miaka mingi, lakini niligeuka kutazama mlango. Palikuwa na pazia, na nyuma yake mjukuu wangu akichambua mchele. Anitha akatoa kalamu.

"Niandike nani, Bibi?"

"Andika Mwanahawa binti Salum," nikamwambia. "Bondeni Kizinga, siku ya arobaini ya mumewe. Na chini yake andika kwamba alikuwa kwenye eda."